Majina ya dunia nzima kwenye ramani moja: kisa cha OpenStreetMap kuhamia Noto

Fungua ramani ya kawaida ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, anzia Dar es Salaam, kisha isogeze polepole kuelekea kaskazini. Moshi, Nairobi, Marsabit: herufi ni zetu zilezile za Kilatini. Ukifika Addis Ababa unakutana na herufi za Kiethiopia. Vuka bahari uende Muscat, na majina ya mitaa yako kwa Kiarabu. Endelea mashariki upite Kathmandu, Dhaka, Yangon, Bangkok, Beijing, Seoul na Tokyo, na kila mji umejitaja kwa mwandiko wake. Seva zilizochora ni zilezile, mtindo ni uleule. Mradi huu hushikilia kanuni kwamba jina kuu la mahali ni lile wanalolitumia wenyeji, lilivyoandikwa na wenyeji.

Kwa mtazamaji hilo ni jambo la kupendeza. Kwa anayetengeneza mtindo wa ramani, maana yake ni kwamba hana uwezo wa kuchagua fonti, anachagua foleni ya fonti. Mapnik, programu inayochora vigae vya ramani hiyo (vipande vidogo vya picha vinavyopangwa pamoja), hupewa orodha. Ikikuta jina, hujaribu fonti ya kwanza. Ikikosa umbo la herufi inayotakiwa, hushuka kwa ya pili, kisha ya tatu, mpaka ipate. Ikifika mwisho wa foleni mikono mitupu, mahali pa herufi hubaki kisanduku.

Mwaka 2016 foleni hiyo ilipangwa upya. Mtindo mkuu wa OpenStreetMap, unaoitwa openstreetmap-carto, uliacha kutegemea DejaVu Sans na wenzake ukahamia familia ya fonti iitwayo Noto. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu uamuzi wa fonti mara nyingi hufanywa na mtu mmoja mbele ya skrini yake na hakuna anayejua sababu, ilhali huu uko wazi kwenye faili ambalo yeyote anaweza kulisoma. Pia kwa sababu ugumu wake haukuwa kwenye urembo wa herufi, ambako wengi wetu huanza tukiambiwa tuchague fonti. Ulikuwa kwenye mpangilio: nani atangulie, na nani ataonekana kwa sura ambayo si yake.

Foleni ya zamani

Openstreetmap-carto iliandikwa na Andy Allan ili kuchukua nafasi ya mtindo wa zamani wa XML, ikaanza kutumika kwenye tovuti kuu mwaka 2013. Mbele ya foleni yake ilikaa DejaVu Sans, fonti iliyotokana na Bitstream Vera. Mtumiaji yeyote wa Linux wa miaka ile aliijua kwa macho hata kama hakuijua kwa jina. Ni fonti pana, herufi zake ndogo zina kimo kikubwa, na kwenye skrini husomeka hata ikiwa ndogo sana. Inabeba Kilatini, Kigiriki, Kisirili (mwandiko wa Kirusi), Kiarmenia, Kijojia na miandiko mingine kadhaa.

Nyuma yake zilifuata fonti zilizokusanywa huku na kule: Arundina Sans kwa Kithai, Padauk kwa Kiburma, Khmer OS Metal Chrieng kwa Kikhmer, Mukti Narrow kwa Kibangla, TSCu_Paranar kwa Kitamil, Tibetan Machine Uni kwa Kitibeti, Droid Sans Fallback kwa Kichina, Kijapani na Kikorea. Mwisho kabisa ilisimama Unifont, fonti ya mradi wa GNU ambayo kila herufi yake imechorwa kwa vitone ndani ya kiwanja cha pikseli 16 kwenda juu na 8 au 16 kwenda upande. Unifont ina herufi nyingi ajabu. Maelekezo ya usakinishaji ya openstreetmap-carto yanaisifu kwa wingi huo na kwa kupatikana kwake kwenye kompyuta nyingi, halafu katika sentensi hiyohiyo yanasema ina sura mbaya. Sijaona mradi mwingine unaozungumza kwa ukweli hivyo kuhusu fonti yake yenyewe.

Foleni hii ilifanya kazi, kwa maana kwamba visanduku vilikuwa vichache. Kasoro yake ilikuwa kwingine. Kila fonti ilibuniwa na watu tofauti kwa shabaha tofauti, na unene wa mistari yake, kimo chake na nafasi kati ya mistari vilikuwa vya kwake. Kwenye kitabu tofauti hizo ungezivumilia. Kwenye ramani, unene na ukubwa wa herufi vina kazi ya kuonyesha cheo: mkoa unaandikwa kwa uzito huu, mji kwa huu, kijiji kwa ule. Fonti ya nchi moja ikiwa nene kuliko ya jirani yake, vijiji vya huku vitaonekana kama miji, na miji ya kule kama vitongoji, ingawa mtengenezaji ameandika nambari ileile ya ukubwa kwa wote. Ramani inakuwa imesema uongo bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa nini fonti moja haitoshi

Mtu anaweza kuuliza: si itafutwe fonti moja tu yenye kila kitu? Haiwezekani, na si kwa sababu ya uvivu. Faili la fonti la aina ya OpenType haliwezi kubeba zaidi ya maumbo 65,535. Noto Sans CJK, iliyotolewa na Google pamoja na Adobe mwezi Julai 2014 kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea, imelijaza faili lote hadi umbo la mwisho. Upande wa pili, Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi nambari yake, katika toleo la 9.0 la mwaka 2016 ilikuwa na herufi na alama 128,172. Na hapo bado hatujahesabu kwamba herufi moja ya Kiarabu huhitaji maumbo kadhaa kulingana na nafasi yake katika neno.

Noto kwa hiyo ni familia ya fonti nyingi, kila mwandiko na faili lake, zilizobuniwa zikae pamoja kwenye mstari mmoja bila kugombana. Jina lake linatokana na lengo lake: kusiwe na tofu (kwa Kiingereza "no tofu"), yaani vile visanduku vitupu. Google ilipoutangaza mradi huo rasmi Oktoba 2016, ilitaja lugha zaidi ya 800 na miandiko ipatayo 100.

Leseni nayo ilikuwa na neno lake. Arial Unicode MS, iliyowahi kuja na Microsoft Office, ilikuwa na herufi nyingi mno, lakini mradi huria hauwezi kuigawa. OpenStreetMap inataka mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti aweze kusimamisha seva yake na kupata ramani ileile. Noto mwanzoni ilitoka kwa leseni ya Apache, na tangu Septemba 2015 iko chini ya leseni huria ya fonti ya SIL. Mtu anaisakinisha kwa amri moja ya Ubuntu au Debian. Nadhani kama leseni ingekuwa tofauti, mjadala mzima wa uzuri usingefika popote.

Kulikuwa na njia nyingine ya kulikwepa tatizo, na wapo walioifuata. Mtindo wa ramani wa OpenStreetMap Ujerumani huonyesha jina la Kijerumani pale lilipo, na pasipo na jina hilo hugeuza miandiko mingine kuwa herufi za Kilatini. Kwa Mjerumani anayepanga safari ya Tbilisi, mji mkuu wa Jojia, hiyo ni huduma nzuri. Kwa ramani inayotaka kuwa ya kila mtu, ingekuwa kumwambia mkazi wa Tbilisi kwamba mji wake utaandikwa vile atakavyosoma mgeni.

Kimo cha mstari

Baada ya kuamua Noto, kulikuwa na uamuzi ambao kwa mbali unaonekana mdogo. Baadhi ya fonti za Noto zilitolewa katika matoleo mawili: la kawaida, na lenye neno "UI" katika jina lake. Maumbo yanafanana karibu yote. Tofauti kubwa iko kwenye vipimo vya wima. Toleo la kawaida huacha nafasi ya kutosha juu na chini kwa kila alama inayoweza kupandana. Toleo la UI hubana ili mstari wake ulingane na mstari wa Kilatini. Openstreetmap-carto ilichagua UI popote lilipopatikana.

Sababu yake utaiona ukifikiria lebo ya kituo cha basi. Ukubwa wa kawaida wa maandishi ya sehemu ndogo kwenye mtindo huu ni pikseli 10. Lebo huvunjwa mistari ikivuka upana wa pikseli 30, yaani mara tatu ya ukubwa wa herufi, na mistari husogezwa karibu zaidi kwa pikseli 1.5. Ndiyo, kusogezwa karibu: kipimo chenyewe kina alama ya kutoa. Noto huacha nafasi kubwa kati ya mstari na mstari, na lebo ya mistari mitatu ikiachwa hivyo hutapanyika hadi msomaji asijue mstari upi unaandamana na upi. Basi mtindo unairudisha nafasi hiyo kwa nguvu.

Kwa Kilatini hakuna anayedhurika. Kwa Kitibeti, ambamo herufi hupandishwa moja juu ya nyingine, au Kiburma chenye alama juu na chini, pikseli moja na nusu ni kitu kikubwa. Hapa ndipo unapoona kwamba kila nambari kwenye faili la mtindo iliwekwa na mtu aliyekuwa na mwandiko fulani machoni pake. Mara nyingi mwandiko huo ni Kilatini. Ukubwa nao ni vilevile: pikseli 10 za Kiarabu au za Kinepali huonekana ndogo kuliko pikseli 10 za Kilatini, kwa sababu mwili wa herufi hizo hukaa sehemu ndogo ya kimo kilichotengwa. Mtindo unatoa ukubwa mmoja kwa wote. Mzee wa Kiswahili anayeishi Muscat na kusoma mtaa wake kwa Kiarabu anakodoa macho zaidi ya ndugu yake wa Tanga anayesoma mtaa wake kwa Kilatini, na hakuna mahali kwenye foleni pa kusahihisha hilo.

Fonti pekee pia haimalizi kazi. Chukua Biratnagar, mji wa mashariki mwa Nepal. Kwa Kinepali, irabu ya silabi ya kwanza huhifadhiwa kwenye data baada ya konsonanti yake lakini huchorwa kabla yake. Programu isiyojua kanuni hiyo itachora herufi sahihi kwa mpangilio mbovu, hata ikiwa na fonti bora duniani. Mapnik ilipata uwezo kamili wa kupanga maumbo ya namna hii ilipoingiza HarfBuzz, programu saidizi ya kupanga maumbo ya herufi, katika toleo la 3.0 la mwaka 2015. Noto bila HarfBuzz ingekuwa nusu ya tiba.

Herufi moja, sura nne

Sasa tuingie pale ambapo uamuzi ulikuwa mgumu kweli, na ambapo hadi leo hauna jibu la kuridhisha kila upande.

Unicode iliamua mapema kwamba herufi za Kichina zinazotumika China, Taiwan, Japani na Korea zipewe nambari moja pale zinapokuwa na asili moja. Lakini mikono ya watu haikukubaliana. Herufi 直, yenye maana ya kunyooka, ina nambari moja tu, ila Mjapani na Mchina wa bara hawaiandiki sawa: tofauti iko kwenye mstari wa chini na namna unavyounganishwa na sehemu ya juu. Herufi 骨, mfupa, hugeuza pembe ya ndani upande mwingine. Msomaji hazichanganyi na neno jingine, lakini anajua mara moja kwamba aliyechora si wa kwao.

Noto Sans CJK inatambua hili. Wakati huo ilitolewa kwa sura nne: ya Japani, ya Korea, ya China bara na ya Taiwan. Zote nne zina herufi hizo zote. Na hapo ndipo foleni inapokwama, kwa sababu foleni huuliza swali moja tu: je, unayo herufi hii? Fonti ya kwanza ikijibu ndiyo, zilizo nyuma haziulizwi tena. Ukitanguliza sura ya Japani, Beijing itaandikwa kwa mkono wa Tokyo. Ukitanguliza ya China, itakuwa kinyume.

Openstreetmap-carto ilitanguliza ya Japani. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba kabla ya hapo hali haikuwa ya haki vilevile. Droid Sans Fallback ina maumbo ya mtindo wa Kichina, kwa hiyo miaka yote ile Wajapani ndio walioisoma nchi yao kwa mkono wa wengine. Mwaka 2016 zamu iligeuka.

Kwa maoni yangu, lawama hapa haiwezi kuangukia fonti, wala waliopanga foleni. Taarifa inayokosekana haiko kwenye fonti, iko kwenye data. Lebo ya jina kwenye data ya OpenStreetMap (si ile inayochorwa kwenye ramani) hubeba herufi bila kusema ni za lugha gani. Kuna lebo za ziada zinazotaja lugha, kama ile ya jina la Kiswahili au la Kijapani, lakini jina kuu lenyewe halisemi. Mtu anaweza kudhani suluhisho ni kuangalia mahali: kilicho ndani ya mpaka wa Japani kichorwe Kijapani. Jaribu wazo hilo kwenye majina ya bahari, au kwenye mgahawa wa Kichina ulioko Yokohama. Wapo waliopendekeza kila nchi au mkoa utajwe lugha yake ya kawaida, na lebo ya kufanya hivyo ipo. Kuitumia kungetaka mtindo uandikwe foleni nyingi na si moja, na kila jina lipangiwe foleni yake kabla ya kuchorwa.

Kiurdu kina kilio cha jirani na hicho. Wasomaji wake wamezoea Nastaliq, mwandiko unaoteremka kutoka kulia juu kwenda kushoto chini, na Noto ina fonti yake. Ila Kiurdu na Kiarabu hugawana nambari nyingi za Unicode. Fonti ya Kiarabu iliyo mbele hulichukua jina kabla Nastaliq haijaulizwa. Na hata ingeulizwa, neno refu la Nastaliq huhitaji kimo ambacho lebo ya pikseli 10 haina.

Mlazo unaoishia njiani

Desturi ya kale ya uchoraji ramani ni kuandika mito na maziwa kwa herufi za mlazo, yaani zilizoinama. Openstreetmap-carto inaifuata. Tatizo ni kwamba mlazo ni desturi ya Kilatini, Kigiriki na Kisirili; Kithai, Kiarabu, Kichina na Kiethiopia havina jadi hiyo, na Noto haikuwabunia. Orodha ya mlazo ya mtindo huu basi huanza na Noto Sans Italic, kisha hurudi kwenye maumbo yaleyale ya kawaida kwa miandiko mingine yote. Mto Rufiji unalala, Chao Phraya unasimama wima. Rangi ya buluu ndiyo inayobeba maana kote, na nadhani mlazo ungeweza kuondolewa bila mtu kupotea. Lakini mazoea ya wachoraji ramani hayafi haraka.

Sisi wa herufi za kawaida

Ni rahisi Mswahili akasoma yote hayo na kujiona hayamhusu. Alfabeti yetu imo katika kila fonti iliyowahi kutengenezwa kwa kompyuta. Hatujawahi kuona kisanduku mahali pa Kigoma. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia mitaani pamoja na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, hakuna aliyelazimika kufikiria fonti ili jina la Tandale lionekane.

Tatizo letu ni urefu. Tunasema Shule ya Msingi Mwananyamala, Kituo cha Afya fulani, Ofisi ya Serikali ya Mtaa fulani, na kanuni za OpenStreetMap hazipendi ufupisho, kwa hiyo "S/M" ya kibao cha barabarani haikubaliki kwenye data. Kwa vipimo vya lebo nilivyotaja juu, jina hilo la shule huvunjwa mistari mitatu: "Shule ya", kisha "Msingi", kisha "Mwananyamala". Neno la mwisho halivunjiki, hivyo ndilo linaloamua upana wa lebo nzima. Nimejumlisha upana wa herufi kama ulivyoandikwa ndani ya fonti zenyewe: kwa ukubwa wa pikseli 10, DejaVu Sans hulipa neno Mwananyamala takribani pikseli 79, Noto Sans takribani 74. Pikseli tano zinaonekana si kitu. Katika mtaa uliobanana, ambako duka, msikiti, kisima na shule vinagombea nafasi, ndizo zinazoamua kama jina la jirani litaandikwa au litaachwa, maana Mapnik haipandishi lebo moja juu ya nyingine. Inayokuja nyuma ikikosa nafasi haichorwi. Fonti nyembamba iliyoletwa kwa ajili ya Wakhmer na Waethiopia ilitupa nafasi sisi ambao hatukuiomba.

Ukisimamisha seva yako

Vigae hivi ni picha. Maandishi yamekwisha kuchorwa kabla hayajafika kwenye simu yako, kwa hiyo fonti za simu hazina kazi. Zinazohusika ni za seva. Mtu anayesimamisha seva yake kwa ajili ya manispaa au chuo hufuata maelekezo, husakinisha Mapnik, hupakia data ya Tanzania, na fonti huziona kama hatua ya kuruka ili kuokoa kifurushi cha intaneti. Furushi la CJK peke yake ni makumi ya megabaiti. Mapnik haigomi. Huandika onyo kwenye kumbukumbu zake kwamba fonti fulani haikupatikana, huendelea na inayofuata, na ramani inatoka. Kosa linaonekana baadaye, pale mtu anapoivuta ramani nje ya mpaka.

Ushauri wangu kwa seva ya Tanzania pekee ni huu. Noto Sans ya kawaida, koza (nene) na mlazo ni lazima. Kiarabu kiwepo, kwa sababu misikiti na madrasa vinaweza kuwa vimeandikwa hivyo na hutaki jina la nyumba ya ibada ligeuke visanduku. CJK unaweza kuiacha ukiwa na hakika kwamba hakuna hoteli wala kiwanda kilichoandikwa kwa Kichina katika eneo lako; Dar es Salaam mimi nisingethubutu. Unifont iwepo mwisho wa foleni hata kama hutaki, maana herufi yenye sura mbaya bado inasomeka. Na majina ya fonti kwenye orodha lazima yalingane barabara na majina yaliyo ndani ya mafaili. Google imepanga upya familia ya Noto zaidi ya mara moja, na matoleo ya UI hayako tena kila mahali yalipokuwa. Mradi ulilazimika kuandika skripti ya kushusha fonti ili watu wasitegemee tu mafurushi ya Linux.

Ramani za vekta, zinazochorwa ndani ya kivinjari kwa programu kama MapLibre, zinaondoa kazi hii kwenye seva na kuleta foleni ya namna nyingine. Huko fonti hukatwa vipande vya herufi 256 kwa mpangilio wa nambari za Unicode, na kivinjari hushusha kipande kinachohitajika tu. Kiarabu huhitaji programu-jalizi ya ziada. Miandiko kama Kikhmer na Kiburma imerudi kwenye tatizo la zamani la maumbo yasiyopangika vizuri, ambalo Mapnik ilikwisha kulitatua.

Na hapa Kiswahili nacho kinaguswa. Kiswahili chote kinaenea kwenye kipande cha kwanza, nambari 0 hadi 255, isipokuwa kitu kimoja: alama ya ng'. Mto Ng'ombe wa Dar es Salaam ukiandikwa kwa alama iliyonyooka ya kibodi, nambari 39, umo ndani ya kipande hicho. Ukiandikwa kwa alama iliyopinda ambayo Word na simu nyingi huiweka zenyewe, nambari 8217, kivinjari kitaenda kushusha kipande cha 8192 hadi 8447 kwa ajili ya alama hiyo peke yake. Wanaopenda usahihi wa Unicode hutumia nambari 700, na hicho ni kipande cha tatu. Mtengenezaji aliyeandaa kipande cha kwanza pekee, akiamini Kiswahili hakina herufi za ziada, huenda akakosa lebo za kigae kizima. Na fonti yenyewe ikiwa haina alama hiyo, MapLibre huenda ikairuka bila onyo kwa mtazamaji, na mto ukasomeka Ngombe. Kabla ya kubadilisha fonti, ni vyema kuitafuta data yako kwa alama zote tatu na kuona zimetumika wapi.